Tuige mpangilio wa Aylesbury, bata wake tumwache kwao

Ndugu Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala iliyochapishwa katika gazeti lako kuhusu bata mweupe wa Uingereza aitwaye Aylesbury, ambamo mwandishi aliwahimiza wafugaji wa mji wetu wa Bukavu, mashariki ya Kongo, kuungana, kuchanga fedha na kuagiza mayai au vifaranga wa bata huyo kutoka Ulaya ili wapandishwe na bata wetu na kuwaboresha. Namshukuru kwa kulileta jambo la bata mbele ya wasomaji, kwa maana hapa mjini mazungumzo ya ufugaji huanza na kuku na kuishia kwa nguruwe. Hata hivyo naona kwamba amechukua sehemu ya historia ambayo haina faida kwetu, akaiacha ile ambayo ingeweza kuzisaidia familia nyingi za mitaa yetu ya Kadutu, Bagira na Panzi. Sifa za mji wa Aylesbury hazikutokana na ubora wa ndege peke yake. Zilitokana na namna watu wa vijijini na watu wa mjini walivyogawana kazi ya kumlea, na mgawanyo huo wa kazi tunaweza kuutumia kwa bata tulio nao tayari, bila kutuma hata faranga moja nje ya nchi.

Kwa faida ya wale ambao hawakuisoma makala hiyo, Aylesbury ni mji wa soko katika jimbo la Buckinghamshire, kiasi cha kilomita 60 kaskazini-magharibi ya London. Bata wake alianza kujulikana katika karne ya 18. Ana manyoya meupe, ngozi nyeupe, mdomo wa rangi ya waridi na miguu ya rangi ya chungwa. Mwili wake ni mrefu na hulala sambamba na ardhi, na kifua chake hushuka chini sana. Dume aliyekomaa wa maonyesho hufikia kilo 4.5 hadi 5.4. Mwaka 1845, maonyesho ya ndege wa kufugwa yalipofanyika katika bustani ya wanyama ya London, palitengwa fungu maalumu la mashindano kwa ajili ya bata wa Aylesbury na bata wengine weupe, jambo linaloonyesha jinsi alivyokuwa amekwisha kupata jina. Alifugwa kwa ajili ya nyama, na manyoya yake yaliuzwa kwa kujazia matandiko.

Sasa nije kwenye lile ambalo makala yenu ililigusa kwa sentensi moja tu. Bata wazazi hawakukaa mjini. Walifugwa na wakulima wa vijiji vilivyouzunguka mji, penye maji safi na nafasi, kwa sababu bata wa kutaga anayebanwa mahali pachafu hudhoofika na mayai yake mengi hukosa mbegu. Yaliyoletwa mjini ni mayai yenye mbegu, na yalipelekwa hasa katika mtaa wa watu wa kipato kidogo ulioitwa Duck End. Huko familia ziliyanunua mayai, au zilipatana na mkulima kwamba zitamlelea vifaranga kwa malipo. Na kwa kuwa kazi yote ilifanyika nyumbani, wanawake walibeba sehemu kubwa yake, pamoja na shughuli zao nyingine. Bata wa Aylesbury hana uvumilivu wa kuatamia, kwa hiyo mayai yaliwekwa chini ya kuku jike kwa siku 28, na katika juma la mwisho yalinyunyiziwa maji ya vuguvugu kila siku ili maganda yalainike. Vifaranga walitunzwa ndani ya nyumba, wakalishwa kwanza mayai ya kuchemsha, wali na maini ya ng'ombe, na baadaye unga wa shayiri uliochanganywa na masalio ya mafuta ya wanyama. Walipofikisha majuma manane hivi, kabla hawajaanza kuotesha manyoya ya ukubwani, walichinjwa na kupelekwa kuuzwa.

Ningependa kulikazia hilo la majuma manane, kwa sababu hapo ndipo faida ilipokuwa. Kifaranga wa bata hukua kwa kasi ya ajabu katika miezi yake miwili ya kwanza. Akianza kubadilisha manyoya, chakula anachokula hugeuka manyoya badala ya nyama, na kumnyonyoa kunakuwa kazi ngumu kwa sababu ya vishina vilivyobaki katika ngozi. Watu wa Duck End walilifahamu hilo na hawakumlisha bata siku moja zaidi ya ile iliyowafaa. Sisi huku Bukavu humlisha bata mwaka mzima, tukisubiri Noeli au arusi, kisha tunalalamika kwamba bata hana faida. Bata wetu wa kawaida hukua polepole kuliko yule wa Aylesbury, na hata anayelishwa vizuri hafai kuchinjwa kabla ya majuma kumi kwa jike na kumi na mawili kwa dume, lakini kanuni ni ile ile: uko wakati ambapo chakula hakirudishi tena gharama yake, na mfugaji anapaswa kuujua.

Kwa nini basi nasema ndege mwenyewe aachwe kwao? Sababu ya kwanza ni ya uzazi, na naomba wasomaji waizingatie kwa sababu fedha za watu zimo hatarini. Bata wa Aylesbury, kama walivyo karibu bata wote wa kufugwa duniani, anatokana na bata mwitu ambaye wataalamu humwita Anas platyrhynchos. Bata tunaowaona wengi katika parseli zetu, yaani viwanja vya nyumba zetu, wale wenye ngozi nyekundu yenye vinundu usoni, ambao wanaozungumza Kifaransa huwaita bata wa Barbarie, ni wa spishi nyingine kabisa, Cairina moschata, ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini. Spishi hizi mbili zikipandishwa, watoto huzaliwa na hunenepa vizuri, lakini hawazai. Anayetaka nyama ya kizazi kimoja anaweza kuridhika nao, na huko Ufaransa wanafugwa kwa wingi kwa kusudi hilo. Anayetaka kuliboresha kundi lake, yaani kupata majike bora wa kutaga na kulea mwaka unaofuata, hatapata kitu. Kumwambia mama wa Bagira kwamba dume mweupe kutoka Uingereza ataboresha bata wake wa Barbarie ni kumwelekeza kwenye njia isiyotokea.

Sababu ya pili ni kwamba bata huyo kwa sasa ni haba hata nchini kwake, na jinsi alivyofikia uhaba huo ni somo tosha kwa mtu anayetaka kuanzisha ufugaji mpya. Mwaka 1873 walifika Uingereza bata wa Pekin kutoka China. Walitaga mayai mengi zaidi, walikuwa wagumu zaidi, na gharama ya kuwafuga ilikuwa ndogo. Wafugaji wakawachanganya na bata wa Aylesbury, wakapata chotara wazuri wa sokoni, na wengi hawakuona haja ya kuweka pembeni kundi safi la wazazi. Wale waliobaki na bata safi, wengi wao walikuwa wakishindania vikombe vya maonyesho. Waliteua ndege wenye kifua kilichoshuka kupita kiasi, wakapandisha ndugu kwa ndugu ili kulihifadhi umbo hilo, na uwezo wa kuzaa ukapungua. Vita Kuu ya kwanza ikapandisha bei ya chakula cha ndege. Kufikia miaka ya 1950 lilikuwa limebaki kundi moja tu kubwa katika jimbo zima la Buckinghamshire, na mwaka 1966 hapakuwa na hata mfanyabiashara mmoja wa bata katika mji wa Aylesbury wenyewe. Huyu ndiye ndege tunayeambiwa tumwagize: adimu, mwenye mayai yasiyo na uhakika wa mbegu, na asiyejua kuatamia, aje Bukavu ambako umeme wa kuendeshea mashine ya kutotolea mayai hukatika bila taarifa.

Bata wetu wa Barbarie ana kasoro zake. Jike huruka, na ni lazima kumpunguza manyoya ya bawa moja ili asihamie kwa jirani. Dume ni mgomvi. Na ukuaji wao, kama nilivyosema, si wa haraka. Lakini jike wake ni mama hodari kuliko kuku. Huatamia mayai kumi na mawili au zaidi kwa siku 35, huyatotoa mengi, hulinda watoto wake dhidi ya kipanga na paka, hajali sana kukosa bwawa kubwa, na hutafuta sehemu ya chakula chake mwenyewe kwa kula majani, konokono na wadudu. Nimewafuga bata hawa Bagira kwa miaka mingi na sijaona ndege anayeyavumilia maisha yetu kuliko wao. Kwa hiyo napendekeza mpangilio wa Aylesbury tuuchukue, lakini tuubadilishe mahali pamoja: badala ya mayai kusafirishwa kuja mjini, mayai yatotolewe kijijini na mama wenyewe, kisha vifaranga waletwe mjini wakiwa na majuma matatu hivi, wakati ambapo hatari ya kufa kwa baridi imekwisha kupungua. Jike aliyeondolewa watoto mapema hurudi kutaga mapema, na hivyo mkulima naye hufaidika.

Vijiji vya kuifanya kazi hiyo vipo. Kabare na Walungu zina mabonde yenye maji, na familia nyingi zimechimba mabwawa ya samaki ambayo bata wazazi wangeweza kuyatumia. Samadi ya bata hurutubisha maji ya bwawa na samaki hupata chakula. Familia moja ya kijijini ikiwa na dume mmoja na majike wanne au watano inaweza kulea kundi hilo bila taabu. La muhimu ni kwamba kundi la wazazi lisichinjwe kwa sababu ya shida ya siku moja, na kwamba madume wabadilishanwe kati ya kijiji na kijiji, dume wa Walungu apelekwe Kabare na wa Kabare aende Walungu, ili kaka asimpande dada. Jambo hili dogo, lisilohitaji fedha, lingewafaa sana wenye vikombe wa Uingereza kama wangelifuata.

Kwa upande wa mjini, ni lazima niseme ukweli usiopendeza. Duck End ilikuwa mahali pachafu. Vifaranga mamia walikaa katika nyumba ndogo zisizo na mifereji ya kufaa, udongo ukashiba kinyesi mwaka baada ya mwaka, na kuanzia miaka ya 1860 ulezi wa bata ulianza kuhamia vijiji na miji mingine, hasa pale sheria za afya ya umma zilipoanza kukazwa. Kadutu ina watu wengi kuliko mtaa ule ulivyowahi kuwa nao, na nyumba zake zimeshika mteremko, hata maji yanayomwagwa katika parseli ya juu huingia katika parseli ya chini kabla hayajafika mto Kawa na kuishia katika ziwa Kivu. Bata humwaga maji, na kinyesi chake ni chepesi. Familia ikifuga bata hamsini katika uwanja wa mita chache, itapata faida msimu mmoja na kesi na majirani msimu unaofuata, na watoto wa nyumba hiyo watacheza katika tope lenye vijidudu vya kuhara.

Ndiyo maana nasisitiza idadi ndogo: vifaranga kumi na watano, au ishirini kwa mwenye nafasi, na si zaidi. Wakae juu ya maranda makavu yanayoongezwa kila mara na kutolewa yote kundi linapouzwa. Chombo cha maji kiwe na kina cha kumwezesha bata kuzamisha mdomo na kuosha pua zake, lakini kisimruhusu kuingia mwili mzima, na kiwekwe juu ya changarawe au juu ya wavu wenye shimo chini yake, ili sakafu iliyobaki isilowe. Kifaranga aliyetengwa na mama yake hana mafuta ya kutosha katika manyoya. Akilowa usiku wa masika ya Bukavu, asubuhi humkuti hai. Maranda yaliyochanganyika na kinyesi ni mbolea nzuri ya mboga za lengalenga (mchicha) na sombe (majani ya muhogo), na wenye bustani pembezoni mwa mji watayachukua kwa furaha. Kuku wasichanganywe na bata, kwa sababu bata anaweza kubeba virusi vya ugonjwa wa Newcastle bila kuonyesha dalili yoyote na kuwaangamiza kuku wote wa mtaa.

Kuhusu chakula, hatuna haja ya shayiri wala maini. Pumba za mchele hutoka bonde la Ruzizi, machicha ya bia hufaa yanapopatikana, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, waliovunjikavunjika ambao wachuuzi hushindwa kuwauza ni chakula bora cha kujenga mwili wa kifaranga. Mahindi ni mazuri yakiwa makavu. Yakishika ukungu ni sumu, na hapa sisemi kwa kukisia: katika ndege wote wa kufugwa, kifaranga wa bata ni miongoni mwa wanaodhurika upesi zaidi na aflatoksini, ile sumu inayotokana na ukungu wa mahindi na karanga. Mfugaji anayenunua mabaki ya mahindi yaliyolowa kwa kuwa ni ya bei rahisi anaweza kulizika kundi lake lote ndani ya siku chache.

Yapo pia masuala ya usafiri na malipo. Kabla ya reli, bata wa Aylesbury walitembezwa kwa miguu mpaka London. Miguu yao ilipitishwa kwanza katika lami baridi na kisha katika unga wa mbao ili isichubuke njiani, na nyumba za wageni za barabarani zilikuwa na nyua za kuwalaza. Mwaka 1839 ilifunguliwa njia ndogo ya reli iliyouunganisha mji na reli kuu ya London, na bata waliochinjwa leo wakawa sokoni London kesho. Utajiri wa wafanyabiashara wa Aylesbury ulianzia hapo. Sisi hatuna reli, na barabara ya Walungu wakati wa mvua inajulikana na kila dereva. Lakini soko letu halipo mbali, limo humu humu mjini, Nyawera na Kadutu, katika mahoteli na katika sherehe za kila Jumamosi, na meli zinazovuka ziwa hutufikisha Goma. Safari ngumu itakuwa ya vifaranga kuja mjini, na hiyo hufanyika vizuri zaidi alfajiri, kwa vikapu vilivyo wazi, pasipo kuwapanga wengi katika kikapu kimoja.

Malipo yaandikwe kabla ya kifaranga wa kwanza kuondoka kijijini. Mkulima alipwe kwa kila kifaranga aliyefika hai, au wagawane bei ya mauzo kwa sehemu wanazopatana. Chochote watakachochagua, kiwe kwenye karatasi na kila upande uwe na nakala yake. Na kwa kuwa kazi ya kila siku itaangukia mikononi mwa akina mama, fedha za mauzo zipite mikononi mwao. Vikundi vya akiba na likelemba (michango ya kupokezana) ambavyo wamekwisha kuvianzisha katika mitaa yetu vinaweza kusimamia mikataba hiyo kuliko shirika lolote litakaloundwa upya kwa ajili ya bata.

Nina maombi mawili kwako, Ndugu Mhariri. Kwanza, naomba gazeti lichapishe marekebisho kuhusu ile hoja ya kupandisha bata wa Aylesbury na bata wetu wa Barbarie, na lifanye hivyo katika toleo lijalo, kwa sababu nimesikia katika mtaa wangu kwamba wapo watu waliokwisha kuanza kuchanga fedha baada ya kuisoma makala hiyo, na ni haki yao kujua, kabla fedha hizo hazijatumwa, kwamba chotara hao hawatazaa. Pili, naomba mchapishe kila juma bei za pumba, machicha na mahindi katika masoko ya Kadutu na Nyawera. Mfugaji mdogo anayejua bei ya chakula mapema anaweza kuamua kama achukue vifaranga ishirini, kumi, au asubiri mavuno.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mfugaji wa bata, Bagira, Bukavu